Uamsho wa Marekani, Mvua ya Blackheath

Nilijiandikisha darasa la historia ya Marekani kwa sababu darasa la kompyuta lilikuwa limejaa. Nalisema hili mapema ili mtu asinidhanie msomi. Kidato cha nne nilitoka na divisheni foo, na siku ya kuchukua matokeo mwalimu mkuu alinishika mkono akaniambia nina sauti nzuri. Hapa London nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Lewisham, nawalisha uji, nawapeleka bafuni, nawasikiliza wakinieleza vita ambavyo sijui hata vilipiganwa wapi. Jumamosi nilikuwa huru. Chuo cha watu wazima kilikuwa karibu na soko, na kwa mtu wa kipato changu masomo yalikuwa bure. Dada wa mapokezi aliniangalia kwa huruma kabisa, akasema kompyuta hakuna nafasi, ufinyanzi hakuna nafasi, imebaki Marekani. Nikamwambia haya, nipe hiyo Marekani. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na wakati ule niliamini kila mlango unaofunguka umefunguliwa kwa ajili yangu.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuja Uingereza kama muuguzi, hakuolewa, hakuzaa, na ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu "arobaini" bila kucheka, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa idadi ya watu wa ushirika wetu siku zikiwa nzuri. Ushirika ulianzia sebuleni kwake: watu watatu waliookoka, Biblia moja na birika la chai. Wakaongezeka Watanzania, Wakenya, na familia mbili za Kongo, mpaka tukakodi ukumbi wa shule. Lakini mambo yenyewe hasa yalibaki jikoni kwa Shangazi. Mtu akijifungua, supu inatoka pale. Mtu akipata barua ya uhamiaji, anakuja kuifungulia pale, kwa sababu anaogopa kuifungua peke yake.

Basi mwaka huo ushirika ulianza kupasuka. Shangazi alinikalisha kwenye kochi akaniambia, "Mwanangu, nisikilize. Hawa watu ndio ukoo wangu hapa. Wakigawanyika, mimi London sina kazi tena. Nafunga mizigo narudi Moshi." Pale Moshi alikuwa na kiwanja, mdogo wake waliyenuniana naye miaka mingi, na hakuwa na rafiki hata mmoja aliye hai. Nilijua hatanii. Nikaapa moyoni kwamba ushirika hautavunjika. Namna nitakavyouzuia nilikuwa bado sijaijua, lakini hilo halikunisumbua. Hata leo huwa nanunua viatu kabla sijajua naenda wapi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mchungaji wetu alikuwa na digrii mbili. Siku za kazi alikuwa ofisi ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, idara ya vibali vya kuegesha magari, na mahubiri yake yalifanana na vibali hivyo: yana kipengele cha kwanza, kipengele cha pili, na masharti. Alikuwa mtu mwema sana. Alikuwa anachosha sana. Halafu akaja Mwinjilisti, Mkenya, darasa la nane, dereva wa basi la ghorofa, mwenye sauti ambayo ingefika ghorofa ya juu bila kipaza sauti. Akisimama kuhubiri, akina mama wanavua viatu. Aliweka kiti kimoja mbele ya ukumbi, akasema mwenye mzigo aje aketi pale tumwombee, na kiti hicho hakikupoa. Mchungaji alikuwa anakitazama kile kiti kama gari lililoegeshwa mahali pasiporuhusiwa.

Jumapili moja Mwinjilisti akapewa sala ya kufunga. Akafumba macho, akasema, "Baba, mwokoe mchungaji wetu. Unazijua digrii zake. Lakini moyo wake, Baba, haujakujua bado."

Watu walifumbua macho. Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema, "Amina."

Toka siku ile hatukuongea jambo lingine. Nani alisema amina? Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Mke wa Mchungaji alikuwa na orodha.

Jumamosi iliyofuata nikaingia darasani. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kiingereza aliyestaafu, mwenye skafu ndefu na kopo la biskuti, na aliongea polepole kwa ajili yetu tuliotoka mbali. Siku hiyo alisema kwamba kabla Marekani haijawa nchi, ilipokuwa bado makoloni ya Mwingereza, sehemu nyingi mchungaji alikuwa msomi, analipwa kwa kodi za watu wote, wanaomsikiliza na wasiomsikiliza, anasoma hotuba kwenye karatasi na wakulima wanasinzia. Wakatokea wahubiri wa kuzungukazunguka. Hao walihubiri mashambani, sokoni, popote palipo na kisiki cha kusimamia. Walilia, na waliowasikiliza wakalia. Na baadhi yao, mwalimu alisema huku akichagua biskuti, wakaanza kutangaza hadharani kwamba wale wachungaji wasomi wenyewe hawajaokoka.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, mmoja wao yuko Lewisham. Anaendesha basi."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akaniomba nieleze, nikaeleza yote, pamoja na ile amina. Akavua miwani. "Endelea kuja," akaniambia. "Nataka kujua mwisho wake."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. Kumbe tunaumwa kitu kinachojulikana! Nikamwambia Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele, kwamba Wamarekani walipitia haya haya kabla yetu, na wakatoka nchi kubwa.

"Na hao wachungaji wao walifanyaje?" aliuliza.

"Wengine walifunga makanisa, wahubiri wa nje wasiingie. Kuna mahali walitunga hata sheria."

"Usimwambie Mchungaji hilo la sheria," Shangazi alisema haraka. "Atalipenda."

Wiki baada ya wiki nikawa naleta Marekani jikoni kama watu wengine wanavyoleta nyanya. Nilimweleza kwamba mkulima aliyezoea kumvulia mchungaji kofia alianza kumpima, huyu ameokoka au hajaokoka, na mtu akishazoea kumpima mchungaji, gavana naye hayuko mbali, wala mfalme. Mwalimu aliongeza kwamba wanahistoria hawakubaliani kama uamsho ndio uliozaa mapinduzi ya Wamarekani. Sehemu hiyo niliiruka. Nilimweleza kuhusu Virginia, ambako wahubiri wa Kibaptisti walitiwa ndani kwa kuhubiri bila kibali, na wengine wakahubiri kupitia nondo za dirisha la jela, na watu wamesimama nje wanasikiliza. Wahubiri hao walipotaka serikali itoe mikono yake kanisani, waliowasaidia walikuwa wanasiasa wasomi ambao wengine miujiza yenyewe hawakuiamini. Waliookoka mno na wasioamini mno wakatia sahihi upande mmoja.

"Hiyo ndiyo siasa," Shangazi alisema. "Mimi na mama wa Kongo hatupatani hata kwenye chumvi, lakini kukodi ukumbi tulikubaliana."

Kuna Jumamosi moja ambayo sikuweza kula biskuti. Mwalimu alisoma kuhusu watumwa, jinsi walivyosikia habari njema kwenye mikutano ile ile, nyuma, wakiwa wamesimama, wakazielewa kuliko waliokaa mbele. Mwanzoni baadhi ya wahubiri waliwaambia mabwana wawaachie huru. Halafu mabwana wakawa wazee wa kanisa, watu wenye mashamba na viti vya mbele, na sauti za wahubiri wengi zikashuka. Watumwa wakaenda kuomba vichakani, wao kwa wao. Nilitoka nje nikasimama kwenye kituo cha basi nikalia kidogo. Mwanamke mmoja akanipa tishu akaniambia atarudi tu, nisijali, wanawake wako wengi. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Nilipomweleza Shangazi habari za wanawake, jinsi walivyojaza mikutano, wakaomba kwa sauti, wakaunda vyama vya kupinga pombe na kupinga utumwa, wakakusanya sahihi za kupeleka bungeni na kura hawana, aliuliza jambo moja tu.

"Na chai alipika nani?"

Nikasema kitabu hakijasema.

"Basi ni wao," alisema.

Ushirika wetu ulikuwa umefika pabaya. Jumapili watu wa Mchungaji walikaa kulia na wa Mwinjilisti kushoto, na katikati palikuwa na Shangazi, mimi, na watoto waliokuwa wanaangalia simu. Siku za katikati ya wiki kila upande ulikuja jikoni kwa zamu. Wa kulia wakitoka, wa kushoto wanapiga kengele. Shangazi alikuwa amechoka lakini, nililiona hili bila kulielewa, alikuwa amenawiri. Alinunua hata vikombe vipya.

Ndipo mwalimu akafundisha mikutano ya kambi. Baada ya uhuru wao, alisema, huko mpakani mwa nchi watu waliishi mbalimbali katika misitu, kanisa halionekani wiki kwa wiki. Wakawa wanakusanyika uwanjani kwa siku kadhaa, na magari ya farasi, na hema, na watoto, na sufuria. Wahubiri wa madhehebu tofauti walisimama kwenye majukwaa tofauti katika uwanja mmoja, wakahubiri kwa wakati mmoja, na watu wakawa wanatembea kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Watu walianguka, wakatetemeka, wengine eti walibweka.

Kubweka sikukusikia vizuri. Nilikuwa nimeshaondoka kiakili. Majukwaa mawili! Uwanja mmoja! Kwa nini tugombanie kiti kimoja cha mbele wakati Mungu ametupa Blackheath nzima? Pale juu kuna nyasi mpaka macho yachoke, na ni bure. Mchungaji asimame upande huu, Mwinjilisti upande ule, wahubiri pamoja, na ushirika ubaki mmoja kwa sababu uwanja ni mmoja. Niliiona picha yote. Niliona hata nikipewa neno la shukrani.

Niliwaendea wote wawili. Mchungaji aliuliza kama kuna kibali. Nikamwambia bila vipaza sauti, kama pikiniki tu. Akafikiri, akasema atakuja na hema lake la bustani, lile la miguu minne, kwa sababu yeye si mtu wa kuamini anga. Mwinjilisti hakuuliza kitu. Alisema, "Kijana, uwanja ni wa Bwana," akaanza kukohoa ili kusafisha koo, na siku yenyewe ilikuwa bado wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata sikwenda darasani. Nilikuwa nazunguka kuazima viti. Somo la siku hiyo, nilikuja kujua baadaye, lilihusu kilichotokea baada ya mikutano ya kambi.

Jumapili ya mkutano ilianza na jua. Tulikuwa watu wote arobaini na wageni kadhaa. Nilipima hatua mia kati ya jukwaa na jukwaa, majukwaa yenyewe yakiwa kreti mbili za maziwa, na katikati nikaweka meza ya Shangazi, maandazi na flaski sita. Saa tano kamili nikapunga mkono, na wote wawili wakaanza.

Hesabu yangu haikuhusisha upepo. Upepo ulikuwa unatoka kwa Mwinjilisti kwenda kwa Mchungaji. Mchungaji alisoma kipengele cha kwanza, na kipengele kikajibiwa na "Haleluya!" iliyotoka hatua mia, kwa jambo jingine kabisa. Watu wake walianza kugeuza shingo. Kisha wakageuza viti. Mzee mmoja wa Kongo aliinuka akasema anakwenda kunyoosha miguu, akanyoosha mpaka upande wa pili, akaketi. Baada ya robo saa Mchungaji alikuwa na mke wake, wazee wanne, na bwana mmoja Mwingereza mwenye mbwa aliyekuwa anapumzika.

Halafu gari la aiskrimu likaja na muziki wake. Watoto wote wa pande zote mbili walikimbia. Huo ndio uamsho pekee ulioshika kila mtu siku ile.

Halafu mvua. Si ile ya manyunyu ambayo London inakuzoesha. Hii ilikuja imeamua. Kwa Mwinjilisti hakukuwa na hema. Alijaribu kuikemea kwa jina la Yesu, na nitasema ukweli, kwa dakika moja ilionekana kusita. Kisha akina mama wakakumbuka nywele zao. Kundi lote la kushoto likavuka uwanja mbio, maandazi kichwani, viti mgongoni, likaingia chini ya hema la Mchungaji, ambaye alikuwa bado kwenye kipengele cha pili. Akainua macho akaona watu arobaini mbele yake. Uso wake ulivyong'aa! Mwinjilisti aliingia wa mwisho, amelowa chapa, akasimama pembeni penye tundu.

Tulisimama tumebanana vile, harufu ya sweta mbichi, hakuna anayeweza kununa vizuri kwa sababu pua yako iko begani kwa adui yako. Mtoto mmoja aliuliza, "Mum, are we friends again?" na mama yake akamwambia anyamaze, ale aiskrimu.

Ni lazima nieleze desturi yetu. Katika ushirika wa waliookoka, ukikosana na ndugu humfuati pembeni ukamnong'oneza. Unasimama mbele ya wote, unataja kosa lako wewe, si la mwenzako, na mnashikana mikono. Tunaita kuweka mambo nuruni. Tangu ile amina hakuna aliyeweka kitu nuruni. Wote tulikuwa tunamsubiri mwingine.

Shangazi akasema, "Nina neno."

Watu wakageuka kadiri walivyoweza. Shangazi hakuwahi kusimama mbele maisha yake yote. Yeye alikuwa mtu wa nyuma, wa birika.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawachochea," alisema. "Wa kulia wakija jikoni, nawaambia wenzenu wamesema hivi. Wa kushoto wakija, nawaambia na wenzenu wamesema vile. Sikusema uongo hata neno moja. Nilikuwa nachagua tu." Mtu mmoja alicheka, akajizuia. "Mnajua kwa nini? Mlikuwa mnakuja kila siku. Mkipatana huwa mnakuja Jumapili na Alhamisi. Mkigombana mnakuja kila siku. Bwana anisamehe. Nanyi mnisamehe."

Nilikuwa nimeshika flaski. Mimi niliyekaa naye nyumba moja, niliyedhani nasoma historia, sikuwa nimeona.

Mchungaji akaweka karatasi zake mfukoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba naye ana neno: alimwonea wivu Mwinjilisti kwa sauti yake, na aliandika hotuba yenye vipengele kumi na moja dhidi yake, na ilikuwa mfukoni hapo hapo. Akaitoa, akaipasua. Akina mama walianza kulia. Ilikuwa inatokea! Kambi ilikuwa inafanya kazi!

Zamu ikawa ya Mwinjilisti. Akafumba macho. "Hata mimi natubu," alisema. "Natubu kwamba nimebeba uchungu juu ya kiburi cha mchungaji. Na natubu nilivyokasirishwa na ubaridi wake. Na vile anapenda kuitwa Mchungaji hata dukani akinunua vitunguu. Hiyo yote imenikwaza, nami natubu."

Matone yanapiga hema.

"Ndugu," Shangazi akauliza, "hiyo ni toba ya nani?"

Hema lilipasuka kwa kicheko. Hata mke wa Mchungaji alishika kiti. Mwinjilisti mwenyewe alitaka kununa akashindwa, akacheka, akasema, "Aki mama, mmeniweza." Wakashikana mikono, yeye na Mchungaji, wakakumbatiana wakiwa wamelowa. Na mimi nikafunga macho kumshukuru Mungu kwa ajili ya Wamarekani.

Nilipoyafungua, mzee wa Kongo alikuwa amenyoosha mkono. "Wapendwa," alisema, "sasa tuna amani. Naomba tupige kura ya kuachana leo leo, kabla hatujaanza tena."

Na watu wakasema amina. Safari hii waliisema wote, hakuna wa kumshuku. Kumbe kila mtu alikuwa anataka kuondoka muda mrefu, ila hakutaka kuondoka kwa ugomvi. Tulipopatana, kizuizi kikawa kimeondoka. Kura ilikuwa ya mikono, wanawake na wanaume. Nilichaguliwa kuhesabu kwa sababu mimi ndiye mtu wa historia, na nikajificha humo humo, sikupiga. Nusu walikwenda na Mwinjilisti, nusu wakabaki na Mchungaji. Shangazi hakuinua mkono mara ya kwanza wala ya pili. Alikuwa anakusanya vikombe.

Jumamosi nilimsimulia mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa somo nililolikosa. Mikutano ya kambi haikuunganisha madhehebu, alisema. Watu walikumbatiana uwanjani, wakarudi nyumbani wakaanzisha makanisa mengine mapya. Na yale makubwa, yaliyokua kwa uamsho mpaka yakaenea nchi nzima, yalikuja kupasuka katikati kwa sababu ya utumwa, kaskazini huku na kusini kule, miaka kadhaa kabla nchi yenyewe haijapasuka na watu kuuana. "Ungekuja wiki ile," alisema kwa upole, "ningekwambia." Nikamwambia nilikuwa naazima viti.

Jumapili ya kwanza baada ya kura, Shangazi alivaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye kochi, mkoba mapajani. Nilikuwa natoka kazini saa sita mchana nikamkuta hapo hapo. Hakuna aliyekuja kumchukua. Kila upande ulidhani yuko na ule mwingine. Mchungaji alihubiri ukumbini, Mwinjilisti akahubiri chumba cha juu ya duka huko Catford, na pande zote mbili, nilisikia baadaye, zilisikitika kwamba Shangazi amewachagua wenzao.

"Shangazi, kosa ni langu," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyeleta habari za uwanja."

"Wewe?" Alinitazama kama ninavyowatazama wazee wangu wanaponiambia walimshinda Mjerumani peke yao. "Wewe ulisoma tu. Sisi tulikuwa tumeshaachana. Tulikuwa tunasubiri mvua." Kisha akaniuliza namna ya kutafuta tiketi ya ndege kwenye kompyuta, ya kwenda bila kurudi. Nikamwambia sijui vizuri, darasa lilikuwa limejaa. Nilijua. Huo ndio uongo pekee wa mwaka ule ambao sijauweka nuruni.

Wiki tatu zikapita hivyo, jikoni kimya, vikombe vipya kabatini. Kisha Jumamosi asubuhi simu ikalia. Alikuwa mke wa Mwinjilisti. Mama mzazi wa Mwinjilisti alikuwa amefariki huko Nakuru. Flati yao ilikuwa ya chumba kimoja, na kile chumba cha juu ya duka kilikuwa na wapangaji wengine siku ya Jumamosi. Nilisikia sauti yake ikilia kwenye simu: "Shangazi, tutakaa wapi?"

"Mmesahau njia?" Shangazi alisema. Alikata simu akaniambia nitoe kochi, niweke zulia.

Saa nane sebule ilikuwa imejaa watu wa Catford. Saa tisa kengele ikalia, na mlangoni alikuwa Mchungaji, na nyuma yake upande wote wa kulia, na sufuria la pilau limeshikwa na wanaume wawili. Alivua viatu, akapenya kati ya magoti ya watu, akaketi kwenye zulia karibu na Mwinjilisti, mtu wa digrii mbili na soksi yenye tundu. Mwinjilisti, mwenye sauti ile, hakuwa na sauti. Alijaribu kuomba akashindwa. Basi Mchungaji akatoa karatasi yake, akasoma sala iliyoandikwa, ndefu, yenye vipengele, na safari hii hakuna aliyesinzia. Mahali pa kuitikia tuliitikia.

Shangazi alikuwa jikoni anatoa amri. Waliomchagua nani na waliomkataa nani wote walikuwa wanamenya vitunguu. Mama wa Kongo alionja mchuzi akasema hauna chumvi, Shangazi akasema una chumvi, wakaanza.

Walipoondoka jioni ile kila mtu alibebeshwa chakula kwenye kontena la plastiki, kwa sababu Shangazi hajui kupika kidogo. Jumapili wa kulia walikwenda kulia kwao na wa kushoto kushoto, kama kawaida, wala hakuna aliyependekeza kurudiana. Lakini Jumatatu kengele ililia mara mbili, na Jumanne mara tatu.

Jumatano nilimkuta ameinamia kabati la chini, anatoa vitu anarusha sakafuni. Nikajipa moyo nikamuuliza kama bado anataka nimtafutie ile tiketi.

"Nitaondokaje?" alisema bila kugeuka. "Makontena yangu nusu yako Catford, nusu yako kwa watu wa Mchungaji, na hakuna hata mmoja aliyerudisha kifuniko."